SOMO: Masasisho ya Kompyuta Yanayokataa na Onyo la Virusi Lisilokwisha

Wananchi wenye kompyuta majumbani wanatanabahishwa kwamba hitilafu mbili ambazo kila mara hupelekwa kwa mafundi kama vitu mbalimbali, yaani masasisho yanayokataa kuingia na onyo la virusi linalorejea kila baada ya kufutwa, aghalabu huwa ni hitilafu moja yenye sura mbili. Kompyuta isiyosasishwa huacha mlango wazi, na baadhi ya virusi vikishaingia huzuia masasisho yasipite tena. Anayetibu upande mmoja na kuuacha wa pili hurudi kwa fundi baada ya wiki, na mara nyingi hurudi akiwa amekwisha kupoteza nyaraka zake.

Mfano wa somo hili umechukuliwa Katumba, katika Halmashauri ya Nsimbo, Mkoa wa Katavi, kandokando ya njia ya reli itokayo Kaliua kwenda Mpanda. Msomaji wa Unguja na Pemba asione kuwa huko ni mbali. Mashine ni zile zile zilizokwisha kutumika na kuuzwa tena, flashi ni zile zile, na yeyote anayekumbuka jinsi Unguja ilivyokaa bila ya umeme wa uhakika tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 hatahitaji kuelezwa maana ya kuendesha kompyuta kwa umeme wa kubahatisha. Katumba inafaa zaidi kuwa mfano kwa sababu matatizo yote ya jambo hili hukutana mahala pamoja: nyumba nyingi zinazotegemea sola, intaneti inayonunuliwa kwa vifurushi vya simu, na fundi aliye mjini Mpanda.

Ipo sababu nyengine pia. Makaazi ya Katumba yalianzishwa kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia Burundi mwaka 1972, na kuanzia mwaka 2014 wakaazi wengi walikabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Mahala kama hapo karatasi si kitu kidogo. Cheti cha uraia, cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa na matokeo ya mtihani hupigwa nakala, huwekwa katika flashi, na flashi hiyo hupita kutoka kompyuta ya nyumbani hadi ya stesheneri, kutoka stesheneri hadi skuli, kila kijana anapoomba kazi au mkopo wa elimu ya juu. Virusi vinavyosafiri njia hiyo husafiri pamoja na nyaraka ambazo familia zilizisubiri kwa zaidi ya miaka 40.

Saa ya kompyuta itazamwe kwanza

Ichukuliwe kompyuta moja ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, katika nyumba ya mwalimu inayopata umeme wa sola. Usiku umeme huzimwa. Asubuhi mashine ikiwashwa, masasisho hushindwa na kuandika namba 0x80072F8F. Kivinjari nacho husema kwamba kila tovuti si salama, hata zile za Serikali. Kinga ya virusi hulalamika kwamba haikuweza kujisasisha. Mwenye nyumba huona maonyo matatu kwa pamoja na kuamini kwamba kompyuta imeingiliwa.

Kabla ya kuamini hivyo, na atazame pembe ya chini ya kioo, penye saa na tarehe. Mara nyingi ataikuta kompyuta imerudi nyuma miaka kumi au zaidi. Ndani ya kompyuta nyingi imo betri ndogo ya mviringo mfano wa sarafu, ya volti 3, inayoitwa CR2032, ambayo kazi yake ni kuiendesha saa wakati mashine imezimwa. Katika kompyuta iliyokaa miaka mingi betri hiyo huwa imekufa. Nyumba yenye umeme wa gridi usiokatika haioni taabu upesi, kwa kuwa mashine iliyochomekwa ukutani huilinda saa. Lakini panapozimwa inveta kila usiku, kila asubuhi ni siku ya kwanza ya mwaka uliopita zamani.

Tarehe mbovu huzuia masasisho kwa njia iliyo wazi ikishaelezwa. Kompyuta inapozungumza na tovuti yoyote ya siri, huonyeshwa hati ya utambulisho yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayodhani kuwa ni mwaka 2009 huiona hati ya leo kuwa haijaanza kutumika, huikataa, na hufunga mlango. Haikukosea katika hukumu yake. Imekosea mwaka tu. Windows hujaribu kujirekebisha saa yenyewe kupitia intaneti, lakini tofauti inapokuwa ya miaka aghalabu hushindwa, na hulazimika kusahihishwa kwa mkono kwanza.

Katika kusahihisha, ukanda wa saa uchaguliwe ule wenye jina la Nairobi, ambao ndio wetu. Hapa hutokea kosa ambalo vitabu vya kigeni havilitaji: mtu huona jua la saa mbili asubuhi, naye akaandika 2:00 badala ya 8:00. Saa ya Kiswahili na saa ya mashine hutofautiana kwa saa sita. Kosa hilo pekee halizuii masasisho mara zote, ila huharibu namba za siri za muda mfupi zinazotumika kuingilia baadhi ya akaunti, na huchanganya tarehe za barua na mafaili. Tarehe ikishasahihishwa na masasisho yakapita, betri inunuliwe. Bei yake ni ndogo. Katika kompyuta ya mezani huweza kubadilishwa kwa dakika chache, mashine ikiwa imechomolewa kabisa. Katika kompyuta ya mkononi ni vyema kazi hiyo aifanye fundi.

Nafasi, kifurushi na umeme

Namba nyengine inayoonekana sana ni 0x80070070, na maana yake ni kwamba diski imejaa. Sasisho kubwa la Windows huhitaji nafasi ya kujikunjulia, na ni busara kuacha gigabaiti 20 tupu au zaidi. Kompyuta ndogo za mkononi zenye hifadhi ya gigabaiti 32 tu hupata shida ya kudumu, kwa kuwa mfumo wenyewe hukaribia kuzijaza. Filamu, nyimbo na mafaili yaliyopakuliwa zamani yahamishwe, na pipa la takataka limwagwe. Watu wengi hufuta wakasahau kwamba kilichofutwa bado kimo ndani ya pipa.

Namba 0x80072EE2 ni habari ya mtandao: kompyuta imeita, haikujibiwa kwa wakati. Huenda kifurushi kimekwisha katikati ya kazi. Huenda pia kosa halimo nyumbani wala kijijini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki, na intaneti ikadhoofika Tanzania na nchi jirani. Aliyejaribu kusasisha kompyuta siku hiyo angeweza kuhangaika usiku kucha na mashine iliyo nzima. Kwa hivyo kabla ya kugusa chochote ndani ya kompyuta, na ijaribiwe intaneti kwa simu, na jirani aulizwe.

Anayetumia simu kuigawia kompyuta intaneti huweza kuuwekea mtandao huo alama ya kwamba hulipiwa kwa kipimo. Alama hiyo huokoa kifurushi, lakini hapo Windows huahirisha sehemu kubwa ya masasisho bila ya kupiga kelele, na mwenye mashine hukaa miezi akidhani kuwa yote yamo sawa. Njia ya wastani ni kuiacha alama hiyo siku za kawaida, na kuiondoa mara moja kwa mwezi. Kampuni ya Microsoft hutoa marekebisho yake ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi; kwa saa za Afrika Mashariki huwa ni usiku. Basi mwisho wa wiki hiyo ni wakati mzuri wa kununua kifurushi cha usiku, ambacho aghalabu huwa nafuu, na kuiacha mashine ifanye kazi.

Ila ikiwa ni nyumba ya sola, usiku si wakati wake. Hatua inayoharibu kompyuta kuliko zote ni umeme kukatika pale kioo kinapohesabu asilimia na kuomba mashine isizimwe. Kupakua kufanywe usiku kama kifurushi kinataka hivyo. Kusimika na kuwasha upya kungojewe mchana, jua likiwa juu na betri zimejaa.

Ikiwa saa ni sahihi, nafasi ipo, intaneti ipo, na bado sasisho lile lile hushindwa kwa namba ile ile, huenda kilichopakuliwa kimefika kikiwa kibovu. Windows huweka mafaili hayo katika folda iitwayo SoftwareDistribution, iliyomo ndani ya folda ya Windows. Huduma ya masasisho ikisimamishwa, folda hiyo ikabadilishwa jina, na kompyuta ikawashwa upya, Windows hutengeneza folda mpya na kuanza kupakua tokea mwanzo. Nyaraka za mtu hazimo humo, na hakuna linalopotea isipokuwa kifurushi.

Onyo linalorejea

Baada ya hayo ndipo litazamwe onyo la virusi. Swali la kwanza ni nani anayeonya. Onyo linalojitokeza pembeni mwa kioo, lenye rangi nyekundu, likipiga honi na kutaja siku zilizobaki au kutoa namba ya simu, mara nyingi si la kinga ya virusi hata kidogo. Ni tangazo la tovuti ambayo siku moja iliomba ruhusa ya kutuma taarifa, na mtumiaji, kwa haraka ya kutazama mpira au kupakua wimbo, akabonyeza kukubali. Ndiyo maana hakuna programu inayoliondoa: halimo katika diski, limo katika ruhusa za kivinjari. Liondolewe huko, katika mipangilio ya taarifa, kwa kufuta kila tovuti isiyojulikana. Namba za simu zilizomo zisipigwe, na asiruhusiwe mtu asiyejulikana kuiendesha kompyuta kwa mbali. Ujumbe wa utapeli unaofika kwa simu ya mkononi huweza kupelekwa kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Onyo la kweli hupatikana ndani ya kinga yenyewe, katika orodha ya yaliyokamatwa, pamoja na jina la kirusi na mahala faili lilipo. Mahala hapo ndipo penye jibu, na ni ajabu jinsi watu wengi wanavyosoma jina la kirusi wakaacha kusoma anwani. Ikiwa faili limo ndani ya kifurushi kilichobanwa, huenda kinga inaliona ila haiwezi kulitoa. Kifurushi kizima kifutwe. Ikiwa anwani inaanza kwa herufi ya flashi, basi chanzo kiko nje ya kompyuta, na kusafisha diski ya ndani ni kazi bure.

Jina linaloonekana mara kwa mara katika kompyuta zilizouzwa tena ni AutoKMS. Hiyo ni programu ya kuifanya Windows au Office ya wizi ionekane kuwa imelipiwa. Muuzaji huiweka, huipangia ijiendeshe kila siku, na mara nyingi huiamuru kinga ya virusi isilitazame folda lake, au huzima masasisho kabisa ili wizi usigunduliwe. Hapa ndipo hitilafu zile mbili zinapokutana waziwazi: masasisho hayaingii kwa kuwa yamezimwa, na onyo hurejea kwa kuwa programu imepangiwa kurejea. Kufuta faili hakutoshi. Ni lazima kazi iliyopangwa iondolewe, na orodha ya folda zilizosamehewa katika kinga ifunguliwe na kusafishwa. Mtu asiyeweza kununua Office anayo LibreOffice, ambayo ni ya bure na halali, na hufungua barua na majedwali yale yale.

Kuweka kinga mbili kwa pamoja si dawa. Hugombana, huifanya kompyuta iwe nzito, na moja huweza kuiona nyengine kuwa ni adui. Windows tangu toleo la 8 la mwaka 2012 inayo kinga yake, na kwa nyumba nyingi inatosha ikiwa inasasishwa. Kinga nyengine ya majaribio iliyokwisha muda huweza kuizuia hiyo ya ndani isifanye kazi, na kompyuta ikabaki bila ya yoyote. Ya majaribio iondolewe. Pasipo na intaneti ya kutosha, faili la maelezo mapya ya virusi, lenye ukubwa wa zaidi ya megabaiti 100, huweza kupakuliwa Mpanda mjini kutoka tovuti ya Microsoft na kuletwa Katumba kwa flashi iliyo safi.

Kisha iamrishwe kinga ikague kompyuta kabla ya Windows kuamka. Uchaguzi huo umo katika kinga ya Windows, huchukua kiasi cha dakika 15, na faida yake ni kwamba kirusi hukutwa kingali kimelala. Mfano wa zamani wa virusi vinavyojilinda ni Conficker, kilichoonekana Novemba 2008. Microsoft ilikuwa imetoa rekebisho la kuziba tundu hilo tarehe 23 Oktoba mwaka huo. Waliolisimika tundu lao liliziba. Katika mamilioni ya kompyuta za wengine kirusi kiliingia kupitia mtandao, na baadaye kupitia flashi, kikazima masasisho na kuzuia tovuti za watengenezaji wa kinga zisifunguke. Kompyuta ambayo hufungua tovuti za magazeti bila ya taabu lakini hukataa tovuti za kinga za virusi ishukiwe kwa sababu hiyo hiyo hata leo.

Flashi isifutwe kwa haraka

Lililobaki ndilo linaloleta hasara kubwa zaidi, nayo hasara hiyo haitokani na kirusi bali na tiba. Mtu hurudi kutoka stesheneri, huchomeka flashi, na kukuta folda zake zimegeuka kuwa vijialama vidogo vyenye mshale. Akibonyeza, kirusi huingia katika kompyuta. Akiita mtu mwenye kujua kidogo, huambiwa flashi imeharibika na ifomatiwe. Ikifomatiwa, vyeti vimekwenda.

Katika hali nyingi za namna hiyo nyaraka hazikuguswa. Kirusi kimezificha tu na kuweka kijialama cha jina lile lile mbele yake. Flashi ikaguliwe kwanza kwa kinga iliyosasishwa. Kisha, ikiwa herufi ya flashi ni E, katika dirisha la amri iandikwe

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

na folda zilizofichwa huonekana tena. Nyaraka, yaani barua, picha na majedwali, zinakiliwe mahala salama. Vijialama na mafaili ya programu visinakiliwe. Baada ya hapo flashi ifomatiwe bila ya hofu. Kompyuta nayo ikaguliwe siku hiyo hiyo, kwani ikiachwa, flashi safi itakayochomekwa kesho itatoka na vijialama vile vile, na mwenyewe ataapa kwamba kinga yake haifai kitu.

Kwa mwenye stesheneri wajibu ni mkubwa zaidi, kwa sababu mashine yake moja hupokea flashi za kijiji kizima. Flashi ya mteja ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Mteja naye, anapokwenda kuchapisha tu, apeleke nakala moja ya waraka anaouhitaji katika flashi tupu, na vyeti vyote vibaki nyumbani. Nakala nyengine iwekwe katika diski ya nje isiyochomekwa ila siku ya kunakili. Kuwa na diski iliyochomekwa wakati wote si akiba. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilipoenea katika nchi zaidi ya 150, kilifunga kwa ufunguo kila nyaraka kilichoweza kuifikia, na kudai fedha. Rekebisho la kukizuia lilikuwa limetolewa tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla.

Wapo wanaosema kwamba masasisho yenyewe ndiyo yanayoharibu kompyuta, na hawasemi uongo mtupu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani kwa siku moja, zikiwemo za mashirika ya ndege na hospitali. Lakini hizo zilikuwa kompyuta za mashirika yaliyonunua kinga hiyo, na nyaraka zao zilibaki palepale mashine zilipofufuliwa. Mwenye hofu na angoje siku chache baada ya sasisho kutoka, asingoje miezi.

Wenye Windows 10 wajue kwamba masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza waliongezewa hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11, na kwa hizo kutopokea masasisho si hitilafu inayoweza kutengenezwa. Mashine ya namna hiyo huweza kuwekewa Linux, au kubakishwa kuwa ya kupigia chapa na kuhifadhi alama za wanafunzi bila ya kuunganishwa na intaneti. Na ikibakishwa hivyo, flashi inayoingia humo iwe moja tu, iliyoandikwa jina, na isitoke kwenda stesheneri.